Mshipi wa Kulalia Ubavu: Unalifaa Koo la Nani?

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Nilichokiweka hapa mezani ni mshipi wa kifuani wenye kipande kikubwa cha sponji mgongoni, uliotengenezwa kumzuia anayeuvaa asilale chali. Nimeusubiri kwa hamu, kwa sababu tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini huzungumzwa mara nyingi kana kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni mashine ya kusukuma hewa puani. Rangi, vipimo vya kifua na namna ya kuufua mtavisoma kwenye kasha. Mimi ninataka tulitazame hili sponji, pamoja na koo la mtu atakayelala nalo.

Kabla sijauvaa, naomba aliye karibu na kitanda anisaidie. Lala chali, legeza taya, acha mdomo wazi kidogo, kisha vuta pumzi taratibu. Utahisi shina la ulimi likirudi nyuma kuelekea ukuta wa koo. Sasa geukia ubavu bila kukaza taya, na utahisi ulimi ukiegemea upande wa shavu. Hapo uko macho, na misuli yako bado inafanya kazi. Fikiria hali inavyokuwa ukishapitiwa na usingizi.

Jambo hili lina sababu ya kimaumbile. Bomba la hewa lililo chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, limezungukwa na pete za gegedu zinazolizuia lisibonyee, lakini sehemu ya koo inayoanzia nyuma ya kaakaa hadi kwenye zoloto haina mfupa wala gegedu la kuishikilia iwe wazi pande zote. Inategemea misuli, hasa msuli mkubwa wa ulimi uliojishikiza nyuma ya kidevu na kuuvuta ulimi mbele. Tukilala misuli hiyo hulegea, na hulegea zaidi katika usingizi wa ndoto. Mtu akiwa chali, uzito wa ulimi, kaakaa laini, kimio (kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo) na kidakatonge (kifuniko cha njia ya hewa) vyote huelekea nyuma, mahali hewa inapopita. Tena tumbo husukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mapafu hupungua ujazo, na ule mvuto wao wa kulinyoosha koo kuelekea chini hupungua, hivyo koo hulegea kama mpira wa kumwagilia maua usiovutwa.

Njia ikiziba kwa sekunde 10 au zaidi, wataalamu huhesabu kwamba pumzi imekatika. Huongeza pia vipindi ambavyo hewa imepungua sana, kisha hutafuta wastani kwa saa: kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hali nyepesi, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Mwaka 1984, mtafiti wa usingizi Rosalind Cartwright wa Chicago alitumia kigezo ambacho bado kinatajwa hospitalini: mgonjwa ambaye idadi yake ya vipindi hivyo kwa saa akiwa chali ni angalau mara mbili ya idadi yake katika milalo mingine, tatizo lake linafuata mlalo. Katika tafiti nyingi, watu wa namna hiyo ni zaidi ya nusu ya wagonjwa, na ndio ambao mshipi huu ungepaswa kutengenezewa.

Sasa nauvaa. Unapita chini ya kwapa, na sponji linakaa katikati ya mabega, juu kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Tazameni umbo lake: upande unaogusa mgongo ni mpana na bapa, na kuanzia hapo pande zake mbili zinashuka kwa mteremko hadi kwenye kilele chembamba kinachotazama godoro. Ninalibonyeza kwa ngumi, kwa uzito wangu wote, nalo linashuka kidogo tu kisha linarudi. Ninalala ubavu wa kushoto na kuanza kugeuka chali polepole, kama mwili unavyofanya usiku wenyewe. Mteremko unagusa godoro, bega linakwama, na uzito unanirudisha ubavuni. Narudia kwa upande wa kulia, na angalieni hasa nyonga zangu, kwa sababu zinageuka kabla ya kifua na bado kifua hakifiki chali. Hakuna kinachonichoma mgongoni, na jambo hilo ndilo linalonifurahisha mno.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu njia ya zamani ilikuwa kushona mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana. Mpira ule ulifanya kazi kwa kumuumiza mtu hadi ageuke, na tafiti zilizowafuatilia watumiaji zilionyesha kwamba wengi waliuacha baada ya muda, kwa sababu haukuwaacha walale vizuri. Sponji hili halimwadhibu mtu kwa kulala chali, bali linaifanya chali iwe ngumu kufikika.

Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea kulala hapa ndivyo furaha yangu inavyopungua, na nitawaonyesha sababu. Kifua changu kiko ubavuni, lakini tazameni uso wangu ukielekea dari. Mshipi umeshika kiwiliwili, shingo haujaishika, na mwelekeo wa kichwa nao una athari yake kwenye koo kwa baadhi ya wagonjwa. Ukiununua, tafuta na mto wa kimo cha bega lako, ili kichwa kisining'inie wala kisipinduke. Kasha halisemi neno lolote kuhusu mto.

Kasha hilohilo limeandikwa kwamba bidhaa hii ni tiba kamili ya kukoroma kwa kila mtu, na maneno hayo yamenikera sana. Kuna watu ambao koo lao hubanwa kutoka pembeni: mafuta ya shingo yamejaza kuta zake, ulimi wenyewe umejaa mafuta, au tonsili ni kubwa kiasi cha kukaribiana. Wengine wana taya fupi lililorudi nyuma, na nafasi ya ulimi ni finyu tangu walipozaliwa, hata wakiwa wembamba. Simameni mbele ya kioo, panueni mdomo na kuutoa ulimi bila kutamka chochote. Ukiona kimio chote na pande za koo, nafasi ni kubwa kiasi. Ukiona kaakaa gumu peke yake, nafasi ni ndogo. Kipimo hicho kilielezwa na daktari Mallampati mwaka 1985 kwa ajili ya madaktari wa nusukaputi, na wataalamu wa usingizi wakakichukua. Hakithibitishi ugonjwa, lakini kinampa daktari dokezo kuhusu koo lako.

Kwa baadhi ya watu hao, kulala ubavu kunapunguza sauti ya kukoroma huku pumzi ikiendelea kukatika. Mwenzi wako atashukuru kwa ukimya, nawe utaendelea kuamka na kichwa kizito, kusinzia kwenye usukani na kuwa na shinikizo la damu linalokataa kushuka. Kwa hiyo fanya kipimo cha usingizi kinachorekodi pia mlalo wako, na ukishaanza kutumia mshipi, pimwa tena ukiwa umeuvaa.

Vipo vifaa shindani vinavyovaliwa shingoni au kifuani, vinavyotetemeka mtu anapolala chali na kuongeza nguvu hadi ageuke. Vinatunza kumbukumbu ya usiku mzima, jambo ambalo sponji haliwezi, lakini vinahitaji kuchajiwa na bei yake iko juu. Mashine ya kusukuma hewa, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney mwaka 1981, hulishikilia koo wazi kwa mgandamizo wa hewa katika mlalo wowote, ingawa hapa kwetu huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Mwenye hali kali aliyeandikiwa mashine asiiweke kabatini kwa sababu ya mshipi wa shilingi 95,000.

Bei hiyo nayo naiona kubwa kwa sponji na mikanda miwili ya kunata. Fundi magodoro anaweza kukukatia sponji gumu kwa umbo nililowaonyesha, na fundi cherehani akalishona kwenye fulana inayobana. Mteremko ukatwe pande zote mbili, na sponji likae kati ya mabega, lisishuke kiunoni. Kwa anayeweza kumudu, mshipi huu ninaupendekeza ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba pumzi yake hukatika hasa akiwa chali. Mwenye maumivu ya bega asiununue kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu atalilalia bega hilo kwa saa nyingi.

Wiki ijayo chaneli hii itaanza mfululizo kuhusu barakoa za mashine ya hewa, na ya kwanza itakuwa ile ndogo ya puani. Wenye ndevu mmeniuliza kama hewa huvuja, nami nitaijaribu kwa mtu mwenye ndevu.