Geji ya psi 15 kwa pikipiki ya traiali: maoni baada ya msimu wa baridi Yorkshire

Nianze na bei ya geji hii ya kupimia upepo wa tairi, maana ndilo swali la kwanza: ilikaribia pauni 25, posta mbali. Kwa hela hiyo hapa Uingereza unapata geji ya gari yenye taa, kioo cha namba na kifuko chake. Hii haina taa wala betri. Ina uso wa duara wenye mshale mmoja, gamba la mpira mweusi la kuikinga, bomba fupi linalonyumbulika, kichwa cha shaba cha kukaza kwenye valvu, na kitufe cha kupunguzia upepo. Namba zake ni za psi, kipimo cha mgandamizo wa upepo, zinaanzia 0, zinaishia 15. Haina jina kubwa ubavuni. Maduka ya vifaa vya traiali yanauza za namna hii kwa majina mbalimbali, na ukizitazama kwa karibu zinafanana mno.

Mwenye bodaboda atauliza inapima nini. Tairi la nyuma lenye abiria na gunia linataka psi 30 hivi, kwa hiyo geji inayoishia 15 kwake haina kazi. Nilipomtumia shemeji yangu wa Moshi picha ya pikipiki yangu ikiwa tayari kabisa kwa mashindano, alijibu, "Shemeji, nyuma una pancha hapo, usipande." Tairi lilikuwa na psi 4 na nusu.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa traiali, si mbio. Unapita kwenye kipande cha mto, mawe au mizizi kilichowekewa alama, na mwamuzi anaangalia miguu yako. Ukigusa chini mara moja ni pointi 1, mara mbili ni 2, tatu na kuendelea ni 3, na ukishindwa kabisa kumaliza ni 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Pikipiki ina uzito wa kilo 70 hivi, kiti cha kukalia hakuna, unaendesha umesimama. Kwenye jiwe lililoota ukoga, nguvu za injini hazikusaidii kitu. Kinachokupandisha ni tairi kulalia jiwe na kulishika, na haliwezi kulala likiwa limejaa. Ndiyo maana wengi tunaanzia psi 4 hadi 5 nyuma, na 5 hadi 6 na nusu mbele. Mbele tunaweka zaidi kidogo kwa sababu ndilo linalofika kwanza kwenye kona ya jiwe, na pikipiki nyingi bado zina tyubu mbele wakati nyuma hakuna tyubu. Tyubu ikibanwa kati ya jiwe na ringi inatoboka matundu mawili kwa mpigo, na hapo siku yako imekwisha.

Sasa geji. Kabla ya hii nilikuwa na ya kidijitali niliyoinunua kituo cha mafuta, ya kampuni nisiyoitaja. Tairi lilelile, dakika ileile, inasoma 4, unaichomoa na kuirudisha, inasoma 5 na nusu. Wakati mwingine inaamua kuna 0. Kwa gari lenye psi 33 ungeishi nayo vizuri tu. Shida si ubovu peke yake, ni hesabu. Geji nyingi hutaja usahihi wake kwa asilimia ya kipimo chote, si ya namba unayoisoma. Geji ya psi 60 yenye kosa la asilimia 2 inaweza kukudanganya kwa psi 1.2 juu au chini. Ikikuambia 4, ukweli unaweza kuwa 2.8 au 5.2, na hayo ni matairi mawili yasiyojuana. La 2.8 ukipita ubavuni mwa mteremko ukuta wa pembeni wa tairi unakunjika, nyuma inaondoka bila kuaga, na kwenye jiwe kali unasikia ringi inagonga. La 5.2 kwenye mzizi uliolowa linaruka na kuteleza. Asilimia hiyohiyo 2 kwenye geji ya psi 15 ni kosa la 0.3. Hiyo naweza kuivumilia.

Na inasomeka. Kati ya 4 na 5 kuna nafasi ya kutosha na vistari vya robo robo, unaviona bila miwani hata ukiwa umechuchumaa kwenye matope. Kutumia kwenyewe ni hivi: unafungua kifuniko cha valvu, unapitisha bomba kati ya spoki upande usio na diski ya breki, unakaza kichwa kwa vidole. Mshale unapanda na kutulia. Kisha unagusa kitufe kidogokidogo, pss, pss, huku ukiuangalia unavyoshuka bila kuchomoa chochote. Mimi hujaza kwa pampu ya mkono hadi 6 au 7, kisha nashuka hadi ninapotaka. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, maana tairi lenye upepo mchache hivi, kila ukichomoa na kuchomeka unapoteza kiasi ambacho kwenye gari usingekijali na hapa kinaonekana.

Faida kubwa kuliko zote sikuitegemea: imenionyesha baridi inavyofanya kazi. Jikoni kwetu ni nyuzi 20. Ukipima humo ndani ukaweka psi 4.5, ukapakia pikipiki ukaenda nayo juu kwenye nyika za Yorkshire penye nyuzi 5, ukipima tena tairi likishapoa unakuta 3.5. Hakuna pancha wala valvu mbovu. Upepo ndani ya tairi unabeba pia mgandamizo wa hewa ya nje, psi 14.7, ambao geji haiuhesabu. Jumla ni 19.2. Baridi inapunguza jumla yote, sio ile 4.5 peke yake, na kinachokatwa kinaonekana chote kwenye namba yako ndogo. Psi nzima imeondoka. Kwa hiyo pimia uwanjani, na kama pikipiki ilikuwa kwenye gari lenye hita, iache nje ipoe kwanza unywe chai. Kiangazi ni kinyume: tairi jeusi likipigwa jua upande mmoja linapanda lenyewe, basi lipeleke kivulini kabla ya kulipima.

Mwinuko nao una lake. Ungefunga valvu Mombasa ikiwa na psi 4, ukaipandisha pikipiki hadi Nairobi, mita 1,700 na ushee juu, ungeikuta imeongezeka psi 2 hadi 3 hivi bila mtu kushika pampu, kwa sababu hewa ya nje kule juu ni nyepesi zaidi. Dereva wa bodaboda mwenye 30 hawezi kuhisi hilo. Wa traiali analihisi kwenye jiwe la kwanza.

Namba yenyewe unaichaguaje? Geji haitakuambia, na usinakili za mabingwa. Toni Bou ana mataji ya dunia zaidi ya 30 na anarusha pikipiki kwenye ukuta, mimi nina kilo 85 na naukwepa ukuta. Natafuta jiwe moja lililolowa, lenye kingo ya kufika kwenye ekseli, na naanzia 4.5 nyuma, 6 mbele. Nalipanda polepole kwa gia ya kwanza, kisha ya pili. Tairi likidunda kabla ya kushika, natoa robo. Mkia ukianza kuyumba kwenye mteremko wa ubavu, narudisha robo. Kuna njia nyingine ya kuangalia ukiwa nyumbani: lowesha tairi, liviringishe kwenye sakafu kavu ya saruji huku umesimama kwenye vikanyagio mwenzako akikushikilia, kisha tazama alama. Ukiona meno ya katikati tu, bado ni gumu. Ukiona mpaka ya pembeni yameacha alama kamili na ukuta umevimba nje, umeshuka vya kutosha, simama hapo.

Matope mazito nayaweka mbali na kanuni hii. Kwenye matope yenye mwamba chini yake huongeza kidogo, tairi likate lifike penye ugumu. Wenzangu wengine wanashusha. Tunabishana kila Jumapili na hakuna anayehama.

Angalizo: namba ni ya tairi lako tu. Nyuma ninatumia Michelin X11. Aliyefunga Dunlop D803GP au IRC ana ukuta wa tairi wenye ugumu tofauti, akichukua 4.5 yangu anachukua kitu kingine kabisa. Vilevile kwa safari ya lami. Kule Fort William, Uskoti, kwenye mashindano ya siku sita ya Scottish Six Days Trial ya kila Mei, waendeshaji wanatembea barabarani kutoka kundi moja la vizuizi hadi jingine, na psi 4 kwenye lami inafanya pikipiki iyumbe kwenye kila kona. Lazima uchague unamwonea nani, lami au mawe.

Kasoro zipo. Kichwa cha kukaza kinaudhi ukiwa na glavu na vidole vimekufa ganzi, ningependa cha kubana kwa wenzo. Kioo kinashika ukungu kwa ndani mvua ikinyesha sana, na Yorkshire mvua hainyeshi kidogo. Bomba lingeongezwa sentimita tano tu, ningepima gurudumu la mbele bila kulala chini. Kubwa zaidi: kamwe usiichomeke unapofunga tairi jipya. Kulikalisha tairi kwenye ringi kunataka maji ya sabuni na psi 30 au zaidi mpaka lilie "pa!", na mshale wa geji hii ukipitishwa 15 kwa nguvu hiyo hautarudi kwenye sifuri tena. Shusha kwanza kwa geji ya kawaida, ndipo uilete hii.

Klabuni kwetu kuna mzee anayebonyeza tairi kwa kidole gumba, anasema "nne na kidogo", na ukipima ni nne na kidogo. Ameyashika matairi haya tangu sijazaliwa. Sisi wengine tununue geji.

Aliye Afrika Mashariki asihangaike kutafuta neno traiali dukani, hatapata. Aulize geji ya pikipiki za magurudumu manne, zile wanazotembezea watalii Diani na Unguja. Nazo matairi yake hutumia psi chache hivihivi, na geji zake huishia 10 au 15. Kabla hujalipa, angalia mambo mawili: mshale ukae sifuri kamili ikiwa haijachomekwa popote, na kuwe na kitufe cha kupunguzia upepo. Isiyo na kitufe iache hapohapo dukani hata wakikushushia bei. Hii yangu naipa nyota nne, ya tano imebaki kwenye ule ukungu wa kioo.