Magofu ya Kilwa Kisiwani: yanastahili safari, ila yanataka mpango

Kibali cha kuzuru magofu hutolewa Kilwa Masoko, mji ulio bara, si kisiwani. Kichukue kabla ya kutafuta mashua, na uende na mwongozaji, kwa maana vibao pekee havitoshi kukuonyesha kipi kilijengwa juu ya kipi.

Anzia Msikiti Mkuu, na usiuharakishe. Sehemu ya kaskazini, kando ya mihrabu, ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Upanuzi wa kusini wenye kuba ni wa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Nguzo zake za mwanzo, kila moja ya jiwe zima la matumbawe, hazikuhimili uzito wa paa. Zilizopo sasa ni za matengenezo ya karne ya 15. Simama katikati uone mpaka wa majengo hayo mawili. Hakuna sehemu nyingine kisiwani inayofundisha kama hii.

Gereza la Waomani, ambalo ni ngome wala si jela, limesimama juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505. Linatazamwa haraka.

Husuni Kubwa, kasri la sultani lenye birika la pembe nane, liko mbali kidogo upande wa mashariki, na hapo ndipo wengi hukosea: hufika jua la utosi, maji yameisha. Uliza saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuvuka. Maji yakipwa, huenda ukashuka ukatembea majini, hivyo vaa viatu vinavyoweza kulowa. Kuta usizipande, chokaa yake humeguka.