Duka la uchapaji na fotokopi karibu na mahakama, Lubumbashi

Ninaposindikiza familia za watu waliounguzwa na asidi ya migodi, ile inayotumika kuchenjua madini, duka hili dogo ndiko ninakowapeleka kwanza, hata kabla ya kumwona wakili. Mama mwenye duka huuliza kabla ya kuchapa. Mjane mmoja alipoeleza kifo cha mumewe, mama huyo alimwacha aseme mpaka mwisho, kisha akamuuliza taratibu: lori lilikuwa na namba gani, la msafirishaji yupi, asidi ilikuwa ikipelekwa mgodi gani, hospitalini walimpa karatasi zipi?

Maswali hayo ndiyo yanayobeba kesi. Tangu Kanuni ya Madini, sheria ya uchimbaji ya Kongo, iliporekebishwa mwaka 2018, kifungu cha 285 bis kinamtaka mwenye haki ya madini, yaani mwenye kibali cha kuchimba, kufidia madhara yanayotokana na shughuli zake hata pasipo kosa lake. Lakini mgodi unaweza kudai kwamba lori ni la msafirishaji, na msafirishaji akadai kwamba alilikodi kwa mwingine, na mhanga asiye na karatasi akabaki kuzungushwa. Waliofiwa katika ajali ya Februari 2019, lori la asidi lilipogongana na basi dogo kati ya Lubumbashi na Kolwezi na watu wapatao 20 wakafariki, wanastahili jibu lililo wazi kuhusu nani anawajibika, na jibu hilo hudaiwa kwa maandishi.

Kazi yenyewe ni safi. Cheti cha daktari cha mjane huyo kilikuwa kimekunjwakunjwa hata wino ukafutika kwenye mikunjo. Mama alikinyoosha juu ya kioo cha mashine, akakitoa nakala, hakuridhika, akaongeza wino na kurudia mpaka muhuri ukasomeka. Nakala iliyoharibika hakuilipisha.

Picha za rangi, hata hivyo, sizisifu. Majeraha hutoka meusi, na hakimu hawezi kutofautisha kovu na kivuli. Hizo zipelekeni studio ya picha. Tena chumba ni kimoja, kila anayesubiri husikia habari za wengine, jambo linalowaumiza sana wanawake wanaolazimika kueleza majeraha ya mwilini. Nimemwomba aweke pazia na amekubali.

Nendeni asubuhi, kwa kuwa umeme ukikatika bei ya jenereta huwa juu. Hesabuni hati zenu halisi kabla ya kutoka, na ombeni faili lifutwe kwenye kompyuta mkiwa bado mmesimama hapo.