Vifaranga wa siku moja mpaka Dodoma: njia za usafiri, kuanzia nzuri hadi ile ya kuacha kabisa

Nilipoanza kufuga kuku wa mayai niliagiza vifaranga 200 kutoka Dar es Salaam. Muuzaji akaniuliza nataka waje kwa usafiri gani, nikamjibu wowote ulio rahisi. Wakapakiwa kwenye basi la alfajiri. Saa tisa alasiri nilikuwa stendi ya Nanenane nikisubiri konda afungue buti. Boksi la juu lilikuwa limebonyezwa na gunia la nazi, na upande ulioelekea injini kadibodi ilikuwa ya moto. "Mama, wapo salama, njia nzima walikuwa wanalia," kijana akaniambia. Nilipofungua hakuna aliyelia. Nilihesabu 63 waliokufa palepale, na wengine ishirini na kitu wakafuata kabla siku tatu hazijaisha.

Tangu siku ile nauliza usafiri kwanza, bei ya kifaranga baadaye.

Kifaranga akitoka kwenye yai anabaki na akiba ya kiini tumboni, inayoweza kumtunza hadi saa 72 bila kula wala kunywa. Ndiyo sababu anaweza kusafirishwa. Tatizo ni kwamba wengi tukisikia saa 72 tunadhani tuna siku tatu za kuchezea barabarani. Saa hizo zinaanza kuhesabika anapopasua ganda. Kwenye mashine ya kutotolea hawatoki wote pamoja: waliotangulia wanaweza kukaa nusu siku wakiwasubiri wenzao, halafu kuna kuchaguliwa, kuchanjwa na kupangwa kwenye maboksi. Mpaka gari linawaka, saa nyingi zimeshaliwa. Joto nalo linawakausha. Kuku hatoki jasho, anajipoza kwa kuhema, na kila pumzi inaondoka na maji ya mwili wake.

Kwa hiyo ukilipia usafiri unanunua vitu viwili: saa chache na hewa. Ndani ya boksi kifaranga anataka nyuzi 32 hivi. Vifaranga 100 waliobanana wanatengeneza joto lao wenyewe, ndiyo maana gari lenyewe linatakiwa liwe na ubaridi zaidi, nyuzi 24 hadi 26. Sasa fikiria buti la basi saa saba mchana, mwezi wa kumi, likitoka Gairo kuja Kibaigwa.

Njia ninayoiweka ya kwanza ni gari maalumu la vifaranga linalotembea usiku. Baadhi ya watotoleshaji na mawakala wanalo: gari lenye feni au matundu ya hewa, na reli za kupangia maboksi ili hewa ipite katikati. Linatoka Dar jua likizama, linapita Morogoro na Gairo wakati wa ubaridi, linakufikia kabla ya mapambazuko. Usikubali neno "maalumu" peke yake. Muulize wakala maboksi yanapangwaje, yanapandana mangapi, na dereva akisimama kupumzika mlango wa nyuma unakuwaje. Anayejua kazi atakujibu bila kufikiri.

Ni ghali, nakubali. Tuseme kifaranga ni shilingi 2,000, unachukua 200, na gari hili linakuzidishia shilingi 200 kwa kila mmoja kuliko buti. Umeongeza 40,000. Wakifa 20 tu kwenye buti, hiyo 40,000 imeondoka vilevile, na bado hujawahesabu waliofika hai lakini wamekauka, wale watakaodumaa huku wakila chakula kama wenzao.

Kabla ya kuchagua gari, angalia barabara. Kutoka Dar ni kilomita 450 hivi. Wanaotoka Iringa wanapita Mtera, kama kilomita 260, na wanaanzia kwenye baridi. Kama aina unayoitaka inapatikana upande ule, chukua huko.

Ya pili ni kuchangia gari dogo. Wafugaji watatu au wanne, tuseme wa mitaa ya hapa Dodoma kama Kisasa, Nkuhungu na Mkonze, wanaagiza siku moja na kukodi Noah. Mnatoa viti vya nyuma, maboksi yanakaa sakafuni, hayazidi matatu kwa kupandana, na gari linatembea usiku. Nimeitumia mara nyingi na inaweza kulingana na ya kwanza, kwa sharti moja: mmoja wenu awe ndani ya gari. Dereva wa kukodi akisimama Morogoro kula atafunga vioo na kuzima kiyoyozi, kwa sababu kwake ule ni mzigo. Mwezi wa sita na wa saba hatari inageuka. Usiku wa huku ni wa baridi na upepo, na kioo kikiachwa wazi karibu na maboksi, vifaranga wanarundikana pembe moja na wa chini wanakosa pumzi. Zuia upepo kwa kitenge upande unakotoka, na uache matundu mengine wazi.

Ya tatu ni basi la usiku, maboksi yakiwa ndani pamoja na abiria. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, njia hii imewafaa wenye boksi moja au mawili. Ongea na konda mapema, lipia nafasi, upewe risiti, na yakae mbali na injini. Akisema "ndani kumejaa, tutaangalia huko mbele", shusha maboksi yako, subiri basi lingine.

Ndege naiweka ya nne. Angani ni muda mfupi, ila kuna kufikisha mzigo mapema, kusubiri na kutoa mzigo, na kwa vifaranga 100 gharama hailipi. Inawafaa wanaoleta kuku wazazi, wale wa kuzalisha vifaranga, wa bei kubwa.

Mtaniuliza treni ya mwendokasi, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024. Mimi naitumia kwa safari ya kwenda. Napanda asubuhi, ndani ya saa nne hivi nipo Dar, nasimama mlangoni vifaranga wangu wakipangwa, halafu narudi usiku na gari. Behewa la abiria silitegemei kwa maboksi.

Ya mwisho ni buti la basi la mchana. Hii iache, hata ukiambiwa nauli ni ya bure.

Boksi nalo uliulizie kabla ya kulipa. Zuri lina vyumba vinne, 25 kila chumba, matundu pembeni na kwenye mfuniko, na vijipembe vya juu vinavyozuia boksi la pili lisiyazibe. Kuanzia Oktoba mpaka mvua zishike, mimi naomba 20 kila chumba na kulipia boksi la ziada. Kadibodi ya biskuti iliyotobolewa kwa kisu irudishe. Uliza pia siku na saa waliyototolewa, kama wamepata chanjo ya mahepe (ugonjwa wa Marek, unaopoozesha kuku), na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa mifugo wa wanakotoka, maana njiani unaweza kusimamishwa. Kubalianeni kabla nani anabeba hasara ya waliokufa. Mimi nalipa nusu kwa simu gari linapoondoka na nusu nikishahesabu, na nafungua maboksi mbele ya aliyeyaleta, simu ikirekodi.

Kipande cha mwisho, kutoka stendi hadi nyumbani, kimeua vifaranga wengi waliokuwa wamevuka salama safari nzima. Bodaboda ina upepo na makorongo. Chukua bajaji, uweke maboksi miguuni pako. Bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwe imewashwa tangu jana yake, ili maranda nayo yawe yamepata joto na si hewa pekee. Maji yenye glukosi kidogo yawepo kabla hawajaingia.

Ukiwatoa, chukua kama kumi kutoka maboksi tofauti, gusisha nyayo zao kwenye shavu lako, mmoja mmoja. Nyayo zikiwa za baridi, waweke karibu na joto, wape maji, na chakula kisubiri mpaka wachangamke. Wakiwa wanahema midomo wazi na mabawa yameachia, punguza jiko, chovya midomo yao kwenye maji mmoja baada ya mwingine. Kwa vifaranga 200 inachukua karibu saa nzima, na mgongo unauma. Kesho yake asubuhi papasa vifuko vyao vya chakula, pale chini ya shingo: karibu wote wanatakiwa wawe wameshiba, kifuko kikibonyea laini chini ya kidole.