Ufito au Kamba: Njia Mbili za Kusafisha Mtutu wa Bunduki ya Bolti

Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi na kuichomoa bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, mwenye bunduki hubaki na njia mbili: kusukuma ufito au kuvuta kamba ya kusafishia kupitia ndani ya mtutu. Kwa usafi wa kina ufito hauna mpinzani, kwa kuwa hupitisha brashi na vitambaa vilivyolowa dawa mara nyingi kadiri inavyohitajika, hadi kitambaa kilichotoka cheusi kwa masizi ya baruti, kisha cha samawati kwa shaba iliyoachwa na risasi, kitoke cheupe. Hata hivyo, unadai nafasi, subira na mkono ulionyooka. Ufito wa kuungwa vipande, hasa ukiingizwa kupitia mdomo wa mtutu, waweza kukwaruza ukingo ambao shabaha huutegemea sana.

Kamba ni nafuu, hukunjwa ikaingia mfukoni, na si jambo jipya: bunduki ya kijeshi ya Waingereza, Lee-Enfield, ilihifadhi kamba yake ndani ya kitako pamoja na kichupa cha mafuta. Isipofuliwa, lakini, hurudisha uchafu wa jana, na ikikatikia ndani, kuitoa ni adha. Anayelala porini siku kadhaa atafaa kubeba kamba. Mlenga shabaha mwenye meza ya kazi, ufito wa kipande kimoja.