Seti ya gasketi na sili kwa injini ya pikipiki ya cc 125: uzoefu wangu na oili iliyokuwa ikivuja

Nimefungua, nimefunga na nimeendesha, kwa hiyo naandika nikiwa na uhakika: pikipiki ya zamani inayovuja oili inataka sili (pete za mpira zinazoziba pembeni mwa shafti) na gasketi (vizibo bapa vya kwenye maungio) mpya, si chupa ya dawa ya kuzuia kuvuja. Nilinunua seti kamili ya injini, ile inayokuja ndani ya mfuko wa nailoni ikiwa na gasketi za karatasi, gasketi ya kichwa, sili za mpira, oringi (pete nyembamba za mpira) na washa za shaba. Nimeridhika nayo kwa sehemu kubwa, ila si kwa kila kilichomo.

Pikipiki yenyewe ni ya silinda moja, injini inapozwa kwa hewa, mtindo wa zamani ambao mafundi wengi wameshaushika. Kila nikiiegesha ilikuwa inaacha doa upande wa kushoto, na cheni imelowa muda wote. Injini ndogo ya aina hii hubeba takriban lita 1 tu ya oili, kwa hiyo haina akiba. Ikipungua robo lita, hiyo ni robo ya kila ilichonacho, na vyuma vya juu kwenye kichwa ndivyo vinavyoanza kuumia. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema "ongeza tu, endelea na safari".

Kabla ya kununua chochote nilitafuta chanzo, na hapa naomba usiwe na haraka. Oili hushuka na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone linaloning'inia kwenye bolti ya kumwagia oili linaweza kuwa limetoka juu kabisa kwenye kava ya vali. Niliosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, nikaifuta ikakauka, kisha nikaipaka poda ya mtoto kuanzia kichwani hadi chini. Nikawasha, nikazunguka kidogo, nikarudi na tochi. Poda ikiguswa na oili hubadilika rangi pale pale inapotokea. Kwangu ilionyesha sehemu tatu: shafti ya gia (chuma kinachoshika kikanyagio cha gia) inapotokea kwenye injini, ukingo wa chini wa kava ya klachi, na washa ya bolti ya kumwagia oili. Sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta cheni, niliyokuwa naituhumu ilikuwa haina hatia. Ile oili ya kwenye cheni ilikuwa inatokea kwenye shafti ya gia.

Kitu kingine nilichokagua, ambacho wengi hukiruka, ni bomba la kupumulia la injini. Pistoni inaposhuka inasukuma hewa ndani ya injini, na hewa hiyo isipopata njia ya kutokea itasukuma oili kwenye sili zote, hata zile mpya. Bomba langu lilikuwa limeziba kwa uchafu mgumu. Seti haina dawa ya hilo, ni kulitoa na kulisafisha. Angalia pia kama oili imezidi alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili, maana kuzidisha huleta balaa ileile.

Sasa sili. Nianze na ile ya shafti ya gia kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipende seti hii. Kwenye injini yangu inabadilishwa kwa nje, bila kupasua injini. Unatoa kikanyagio cha gia na kava ya sproketi, inaonekana. Ile ya zamani ilikuwa ngumu kama plastiki, mdomo wake umelika, na springi ndogo ya duara inayobana mdomo ilikuwa imelegea. Mpya ilikuwa laini, springi imekaa sawa, na usoni imeandikwa vipimo vyake vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Nililinganisha na vya ile ya zamani kabla ya kuipachika, vikalingana. Kwa kuwa meno ya mwisho wa shafti ni makali, nilizungushia nailoni nyembamba iliyopakwa grisi ili mdomo wa sili usichanwe wakati wa kuingiza. Upande wenye springi ndio unaoelekea kwenye oili. Nikaisukuma taratibu kwa soketi ya boksi spana yenye upana unaokaribia wa sili, ikaingia bila kupinda.

Shafti yenyewe ilikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na sili ya zamani, ukipitisha ukucha unausikia. Sikuizamisha sili mpya hadi mwisho. Niliiacha nje kidogo, kiasi cha milimita moja, ili mdomo ukae kwenye chuma kisicholika. Kama tundu la injini yako lina nafasi, fanya hivyo. Bila hivyo hata sili bora itavuja baada ya muda mfupi.

Gasketi ya kava ya klachi nayo sina lawama nayo. Imekatwa vizuri, kila tundu la bolti limelingana, na pini mbili za kupangia zimeingia bila kulazimishwa. Kazi kubwa ni kuondoa ile ya zamani iliyogandia. Alumini ni laini, ukiikwangua kwa bisibisi unaacha mkwaruzo ambao oili itaufuata miaka yote. Nilitumia kipande cha plastiki ngumu na dawa ya kulainishia gasketi, na sehemu zilizobaki nikazimalizia kwa wembe nikiulaza kabisa. Bolti za kava hazina urefu mmoja, kwa hiyo nilizichomeka kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Za kipenyo cha milimita 6 kama hizi zinatosheka na nguvu ya takriban nyutoni mita 10. Zikaze kwa kukingama, awamu kwa awamu. Anayezikaza kwa nguvu zote za mkono akidhani anaziba, anapinda kava au anakata nyuzi za alumini, na hapo uvujaji unakuwa wa kudumu.

Niliifunga gasketi hiyo kavu, bila silikoni hata tone. Najua mafundi wengi hupaka silikoni kila mahali, na najua inaonekana kama usalama wa ziada. Lakini silikoni inayobanwa huchomoza pande zote mbili. Ya nje unaiona, ya ndani hukatika vipande, ikaingia kwenye oili, ikaenda kuziba chujio la pampu. Injini inayokufa kwa kukosa oili kwa sababu ya dawa ya kuzuia oili isivuje inaniuma sana kuiona. Silikoni ina mahali pake: kwenye mpira wa kupitisha nyaya za sumaku, au kwenye maungio ambayo mtengenezaji hakuweka gasketi. Hapo paka utepe mwembamba na uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, mara nyingi saa 24, kabla ya kuweka oili.

Kasoro za seti zipo. Oringi ni dhaifu kuliko sili. Moja ilikuwa na mshono wa kiwandani unaoonekana kwa macho, nikaitupa na kununua nyingine peke yake. Mpira wa kava ya vali ni wa kawaida, wa naitraili, na pale juu joto ni kali. Ningefurahi wangeweka mpira aina ya FKM unaostahimili joto zaidi, kwa sababu najua huu utakauka mapema. Washa za shaba ni nzuri, ila karatasi ya maelekezo haisemi ipi ni ya wapi, ikabidi nipime moja moja.

Kuhusu ile dawa ya chupa, niliijaribu kabla ya haya yote. Inafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira. Sili iliyokwisha kulika mdomo haiwezi kuoteshwa mdomo mpya. Tena pikipiki nyingi klachi yao inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na kiongezeo kisichofaa kinaweza kuifanya iteleze. Kwa sababu hiyohiyo oili niliyoweka baada ya kufunga ni yenye alama ya JASO MA, iliyopimwa kwa klachi za namna hiyo.

Tangu nifunge, chini ya injini pamekauka. Cheni sasa inashika vumbi la kawaida badala ya tope la oili, na alama ya kijiti haishuki kati ya kumwaga oili na kumwaga tena. Nimepaka poda mara nyingine kuhakikisha, na shafti ya gia imebaki nyeupe. Palipobaki ni gasketi ya chini ya silinda, inayotoa unyevunyevu mwembamba usiofika kuwa tone. Kipande chake kimo kwenye seti, nimekihifadhi bapa ndani ya kitabu kisijikunje, nitakifunga siku nitakaponyanyua silinda kubadilisha ringi za pistoni.