Simple za bei chee nilizoremba mwenyewe: kilichodumu na kilichobanduka

Niseme mapema viatu vyenyewe ni vya kawaida kabisa, zile simple za flati zinazomwagwa kwenye turubai pale Kariakoo mtaa wa Kongo, unatoa msimbazi mmoja, yani noti ya elfu kumi, unaondoka na jozi na nauli ya kurudia inabaki. Mbele duara, soli nyembamba, rangi nyeusi au maziwa, hazina hata kifungo. Ukivivaa jinsi vilivyo, kwenye mwendokasi asubuhi utahesabu wadada wenzio waliovaa hivyo hivyo mpaka uchoke. Kwahiyo nikaamua kuziremba, jozi moja nikaivisha kitenge, nyingine nikaishonea shanga, nyingine vijiwe vya kung'aa, nimevaa kazini, kanisani, kwenye send-off ya binamu yangu, zimeliwa na vumbi na jasho vya kutosha, sasa naweza kuwaambia nini kinafaa na nini ni kupoteza hela.

Tuanze na kiatu mana hapo ndo watu wanapita haraka wanakimbilia urembo. Simple za bei hiyo ziko za kitambaa na za ngozi feki. Chukua ya kitambaa. Sindano inapita bila kugombana, gundi inazama kwenye nyuzi inashika. Ngozi feki gundi inakaa juu juu tu, alafu kwa hili joto na unyevu wa Dar ile ngozi yenyewe baada ya muda inaanza kujimenya maganda, so hata ungebandika kwa ufundi gani ua lako linaondoka na ganda lake. Kama unayo ya ngozi feki tayari nyumbani sio mwisho wa dunia, pitisha msasa laini sehemu utakayobandika tu, futa na spiriti, acha ikauke. Ile dawa ya kutolea rangi ya kucha usiguse, asetoni inayeyusha rangi ya juu kiatu kinabaki na baka.

Kitu kingine, kabla hujalipa kikunje mkononi. Muuzaji atakuangalia vibaya we mwache. Tazama kinakunjika wapi, kwa kawaida ni pale vidole vinapoanzia, ule mstari kila ukipiga hatua unafunguka na kujifunga, na kitu chochote kigumu utakachoweka pale kitang'oka. Nimeona picha nyingi za viatu vilivyorembwa mbele kote vimejaa mawe, vizuri sana kwa picha. Mvaaji akitembea kutoka mtaa wa Msimbazi mpaka Mnazi Mmoja ndo utajua.

Na chukua namba moja juu. Ukivaa 38 nunua 39, hasa kama utavisha kitenge, mana kitambaa kinaingia mpaka ndani kwenye ukingo na kiatu kinabana.

Haya kitenge. Vipande nilipewa na fundi cherehani wangu, zile pembe anazotupa chini ya meza, nikampa ya soda. Kifue kwanza jaman. Kitenge kipya kina ile dawa ya kukikakamaza, usipokifua gundi inashika dawa haishiki kitambaa, alafu siku kikilowa kinasinyaa kinaanza kuvuta kona. Angalia pia kama ni pamba kweli, chomoa uzi mmoja uchome na kiberiti, ukibaki majivu ni pamba, ukijikunja ukawa kidonge kigumu ni poliesta. Poliesta inavishika pia ila haitaki kufuata umbo la mbele, inafanya mikunjo. Kukata nilikata kwa mshazari, yani sio kufuata uzi wima, kona kwenda kona, ndo kitambaa kinavutika kidogo kinalala kwenye ule mduara wa vidole. Nyuma kisiginoni ndo pagumu, pale utakata vijikonyo vidogo vidogo pembeni vipandiane ndani.

Maua makubwa achana nayo. Kiatu ni kidogo, ua kubwa linaingia nusu, kulia unapata petali kushoto unapata shina. Mi nilichukua cha madoadoa madogo na sikuhangaika kulinganisha kulia na kushoto, vinafanana vya kutosha. Kuna aliyeniuliza kwanini nisitumie kanga, kwanza kanga nyingi nyepesi gundi inatokeza upande wa pili inaacha madoa, na pili lile jina la kanga mtu katunga na heshima zake wewe unaliweka kwenye vidole vya miguu unapita nalo kwenye matope, hapana, mi nimelelewa na bibi.

Sasa gundi, na hapa nitakaa kidogo. Kila mtu anakimbilia supagluu kwasababu iko kila duka na bei yake haimuumizi mtu. Kwa kiatu ni mbaya. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, kiatu kinakunjika yenyewe haikunjiki, inapasuka. Inaacha ule weupe weupe pembeni hautoki. Na hii wengi hawaijui, supagluu ikigusa pamba inapata moto, ikimwagika nyingi kwenye kitambaa cha pamba inaweza kukuunguza vidole na kutoa moshi, so usifute iliyomwagika na pamba wala kitambaa ukiwa umeshika mkononi. Ile bunduki ya gundi ya umeme nayo ni nzuri kwa makadi na mapambo ya ukutani, ila kiatu ukikiacha kwenye gari juani gundi inalainika, urembo unateleza. Gundi nyeupe ya maji sina la kusema, jina lenyewe linajieleza, mvua ya masika moja tu.

Kinachofaa ni gundi ya mafundi viatu, ile ya njano ya kwenye kopo. Sikununua kopo zima, nilimfata fundi anayekaa kibarazani karibu na stendi akanipimia kwenye kikopo kwa buku, na akanipa somo bure. Unapaka pande zote mbili, kiatu na kitambaa, safu nyembamba, alafu unaacha. Mi nilitaka kubandika hapo hapo akanizuia, "dada, gusa na kidole kwanza, ikinata kidoleni bado, isubiri." Kama dakika 10 mpaka 15 hivi kutegemea na joto. Ikishakauka juu ndo unakutanisha na kukandamiza kwa nguvu, na hapo hamna kurekebisha, ikishika imeshika, so anza katikati mbele ukienda pembeni. Fungua madirisha, harufu yake inapanda kichwani, na watoto wakae mbali.

Jozi ya kitenge naipa nyota 4. Imekaa vizuri, imefifia kidogo mbele na pale kwenye mkunjo kitambaa kimeanza kuchoka ila hakijabanduka. Nyota moja nimekata kwasababu ya kusafisha, huwezi kuiloweka, unafuta tu na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na kitenge chenye nyeupe nyingi utajuta.

Shanga ndo mshindi, sibishani na mtu. Sikubandika hata moja, nilishona zote. Nilitumia shanga za kioo zile ndogo, muuzaji ukimuuliza atakutajia za Ucheki na za China, za Ucheki ndo wanazopenda kina mama wa Kimasai mana saizi zinalingana na rangi haichuji, ni ghali kidogo ila kiatu kinakula chache. Zile za plastiki zilizopakwa fedha au dhahabu juu jasho linazivua rangi, zinabaki nyeupe kama meno. Uzi ni wa nailoni, sindano nyembamba, na ushonaji wenyewe unaingiza shanga mbili, unashuka ndani, unarudi kupitia ile ya mwisho tena ndo unaongeza nyingine mbili. Uzi ukikatika sehemu moja hazimwagiki zote. Nimezungushia ukingo wa juu mistari miwili, nyekundu na nyeupe, alafu mbele nikaweka kiduara kidogo juu ya mkunjo, sio kwenye mkunjo. Ndani mafundo yanakwaruza mguu, yafunike na kipande laini cha kitambaa ubandike kwa ile ile gundi ya njano, usiache hivi hivi utatoka malengelenge.

Mama yangu alivigeuza geuza akauliza "hivi vya kuvaa wapi sasa?" Jumapili iliyofuata kavivaa yeye.

Vijiwe. Zile pakiti za mawe yenye gundi nyuma, unatoa karatasi unabandika, buku mbili tu, zinang'aa ukiziona dukani unataka zote. Nyota 1, na hiyo moja ni ya huruma. Nilivaa kwenye send-off, kabla hata ya kutambulishwa ndugu nusu ya mguu wa kushoto uko kapeti la ukumbi. Ile gundi yao haijatengenezwa kwa kitu kinachokunjika na kutoa jasho. Kama unapenda mng'ao tafuta yale mawe yenye vitundu pembeni vya kupitishia uzi, yapo hapo hapo wanapouza vifungo na lesi, hayo nimerudishia na hayajatoka. Lesi nayo ukiishona ukingoni inapendeza, basi, haina stori ndefu.

Gharama kwa jozi ya shanga, kiatu elfu 8, shanga na uzi kama elfu 4, kitambaa cha ndani nilikuwa nacho, gundi ile ya buku. Elfu 13 hivi. Sandali za shanga za tayari kwenye maduka ya watalii ukiuliza bei utarudisha taratibu ulipozitoa. Ila tusidanganyane, urembo haubadilishi soli. Bado ni simple ya msimbazi, ukitembea kwenye kokoto unahisabu kokoto zote, na mvua ikinyesha ivue uiweke kwenye mkoba.

Mnaonifata inbox kama nauza, siuzi. Jozi ya shanga inakula jioni za wiki nzima, nikipiga hesabu ya muda hamna atakayelipa na mi sitaki kulia na macho yangu. Ila ukija na simple zako na shanga zako, mimi sindano ninazo, tunakaa hapa kibarazani nakuonyesha, chai na maandazi ni juu yako.